Anayekufa Ainuke

Nilipofika kwenye matanga ya Séraphin, huko Katoyi, mtaa wetu wa Goma, mtu wa kwanza kuniona alikuwa mwanaume mrefu mwenye kipara na suti ya kijivu, viatu vyake vimejaa vumbi jeusi la mawe yetu. Alisimama katikati ya viti vya plastiki, akainua mkono, akaita kwa sauti isiyofaa msibani: "Mama Chukudu!" Watu wote chini ya turubai wakageuka. Vijana wawili ninaofanya nao kazi, ambao huniita Madame Masika na hunyamaza nikiingia chumbani, walinitazama kana kwamba nimevuliwa kilemba hadharani. Yule mwanaume alikuwa Kambale Mrefu, muuza vipuri vya magari wa Butembo, baba wa watoto wengi, na zamani mpiga risasi bora kuliko wote katika ukumbi wa michezo ya kompyuta wa marehemu. Tulikumbatiana, tukalia kidogo kwa ajili ya Séraphin, kisha tukaanza kucheka, na wazee wakatuonyesha viti vya nyuma kabisa ili tusiwaaibishe wafiwa. Tulikaa huko hadi chai ikaisha, tukisimulia mwaka mmoja tu, ule nilipokuwa na miaka kumi na saba. Nimeambiwa mtu akiandika kumbukumbu huanza na babu yake na shamba la babu yake. Babu yangu hakuwahi kugusa kompyuta, kwa hiyo namwacha apumzike.

Ukumbi wa Séraphin ulikuwa chumba cha mbao nyuma ya kanisa la parokia. Parokia ilimwachia bure kwa sharti la kuwatunza vijana wasizurure. Sakafu yake ilikuwa saruji nyembamba iliyomwagwa juu ya mawe ya volkano, nayo ilifuata mawe jinsi yalivyotaka, hata kila meza ilikuwa na kipande cha mbao chini ya mguu mmoja. Mashine zilikuwa za mtumba, nzito, zenye vioo vilivyovimba mgongoni. Nje, chini ya bati, groupe, jenereta yetu, ilinguruma na kutupa harufu ya mafuta hadi ndani, na ikikohoa sote tulishika vifua vyetu. Adui mkubwa hakuwa umeme, alikuwa vumbi. Vumbi jeusi la Goma huingia popote, nalo liliingia ndani ya mashine likalala humo. Kila asubuhi Séraphin alizifungua, akapiga magoti na pampu ya baiskeli, akazipuliza moja moja, akizisemesha kwa Kinyarwanda cha kwao Rutshuru kama ng'ombe wanaokamuliwa. Mchana aliweka sahani kubwa ya bugali na sambaza za kukaanga, dagaa wa ziwa letu, juu ya kigoda karibu na mlango, na yeyote aliyekuwepo alikula. Amri ilikuwa moja tu juu ya chakula: anayegusa kibodi na mafuta ya sambaza haji tena wiki hiyo. Tulinawa kwenye bidoni ya njano, tukanusa vidole, tukarudi kuunguza macho mbele ya vioo.

Mchezo tuliokuwa tukiufia tuliuita Majivu. Jina lake halisi lilikuwa la Kiingereza, hatukujali. Ulikuwa ulimwengu ulioungua: miji imeanguka, barabara zimekatika, watu wanapanga mstari wa maji na mitungi, na kila mtu anatafuta kipande cha chuma atengeneze silaha. Waliouunda huko kwao mbali nadhani walikusudia kututisha. Siku ya kwanza Kambale Mrefu alitazama zile nyumba zilizofunikwa na majivu hadi madirishani, akatazama foleni ya mitungi, akasema, "Kumbe ni kwetu." Ukumbi mzima ukacheka, na tangu hapo hatukuwa wageni ndani ya mchezo ule. Nawasikia watu siku hizi wakisema michezo kama ile huwafanya watoto wazoee maangamizi. Sisi maangamizi tulikuwa tumezaliwa nayo mlangoni. Kilichotushangaza ni kwamba ndani ya Majivu mtu aliweza kutengeneza kilichoharibika.

Kabla ya kuanza, mchezo ulikupa mtu mtupu na pointi za kumgawia: nguvu, macho, akili, miguu, bahati, na uhodari wa kusema, ambao sisi tuliuita mdomo. Tulisema "kujenga mutu". Ukiingia ukumbini hukuulizwa habari za nyumbani, uliulizwa, "Wewe unajengaka mutu wako namna gani?" Wavulana wote walijenga namna moja: nguvu hadi juu, macho hadi juu, akili yoyote iliyobaki. Watu wao walikuwa na mabega mapana na hawakujua kusoma ishara za barabarani. Halafu walibishana juu ya silaha hadi mishipa ikawatoka shingoni: bunduki ya mabomba au upinde wa chuma, mtutu mrefu au mfupi, darubini juu au risasi nyingi chini. Mtoto wa askari mmoja kutoka kambi ya Katindo alikuja mara moja, akaitazama bunduki ya Kambale Mrefu kwenye kioo, akasema kwa upole, "Ile kitu ya kweli iko muzito kuliko hii. Haungekimbia nayo vile." Kambale alikasirika siku nzima. Kesho yake alipunguza vyuma vya bunduki yake, asiseme kwa nini.

Mimi nilikuwa msichana pekee aliyecheza, na nilipewa kiti pale tu wavulana walipochoka. Ukumbi ulikuwa na sheria iliyoandikwa kwa chaki juu ya mlango: ANAYEKUFA AINUKE. Mtu wako akifa, unasimama, mwingine anakaa. Kwa kuwa watu wa wavulana walipenda vita, walikufa upesi, wakainuka, wakarudi mwisho wa mstari wakitukana darubini zao. Wiki za mwanzo nami niliwaiga, nikafa haraka kuliko wote. Halafu siku moja, nikiwa nimesimama ukutani nikila kitumbua, niliisoma tena ile sheria ya chaki na akili ikanifunguka. Kama anayekufa ndiye anayeinuka, basi asiyepigana hainuki. Nilijenga mwanamke. Sikumpa nguvu hata kidogo, wala macho ya kulenga. Nilimmwagia pointi zote kwenye mdomo, miguu na bahati. Sikumwita kwa jina langu, maana Masika ni jina la kila mzaliwa wa kwanza wa kike kwetu Wanande na ukiita Masika sokoni wanageuka wanawake kumi. Nilimwita Mama Chukudu. Aliuza na kununua, alisalimia, alizunguka mbali na kila kelele ya risasi, na akiona hatari alikimbia bila aibu. Mchana ule nilikaa kwenye kiti hadi wavulana wakaenda kunishtaki kwa Séraphin. "Huyu hafi!" walilalamika. Séraphin alinitazama nikimuuzia jambazi kofia yake mwenyewe, akacheka hadi akakohoa, akasema, "Sheria ni sheria. Mumungoje afe." Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, na mimi nilikunywa.

Kwa kuwa nilikaa muda mrefu, nilianza kuona mambo ambayo wapiganaji hawakuwa na nafasi ya kuyaona. Niliona kwamba kila bunduki ndani ya mchezo ilikuwa faili, na faili hufunguliwa. Nilipata programu ya kuzifungua kutoka saibakafe ya mjini, nikaileta kwenye flashi niliyoifunga kwenye ncha ya kikwembe changu cha kiunoni kama mama anavyofunga pesa ya soko. Jaribio la kwanza lilizima mchezo. La pili liliifanya bunduki ya Kambale Mrefu irushe viatu. Watu walilia kwa kucheka, lakini mimi sikucheka, maana viatu vilikuwa vimeruka kwa amri yangu. Mwezi uliofuata wavulana walianza kuja kwangu mmoja mmoja, wakiinama ili wenzao wasisikie. Huyu anataka kitako cha mti badala ya chuma. Yule anataka tochi chini ya mtutu. Mwingine anataka panga lenye mpini uliofungwa mpira, kama la baba yake. Niliwatengenezea wote, na malipo yalikuwa zamu yao ya kiti. Nasema kwa kiburi na sitaki kusamehewa: mimi ambaye mtu wangu hakuwahi kushika silaha ndimi niliyekuwa fundi wa silaha zote za ukumbi ule.

Lakini nilichokitaka hasa kilikuwa chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Ndani ya Majivu mizigo ilibebwa kwa kigari cha watoto wachanga, kitu cha chuma chenye magurudumu madogo ambacho kwenye mawe yetu kisingefika kona ya kwanza. Ulimwengu umeungua, hakuna mafuta, hakuna gari, na bado hakuna aliyefikiria baiskeli ya mbao! Nilitembea hadi upande wa Lac Vert, kwenye barabara ya Sake, pale chukudu zinaposhuka zimebeba makaa na viazi, nikamwomba mzee mmoja aniruhusu kupima yake kwa kamba.

"Dada, unaipima juu ya nini? Unataka kuinunua?"

"Apana, papa. Nataka kuiingiza ndani ya ordinateur, ndani ya muchezo."

"Ndani ya ordinateur! Na nani ataisukuma humo?"

"Mwanamuke moja."

Aliweka mikono kiunoni akacheka, kisha akaacha kucheka ghafla, kama mtu aliyekumbuka jambo la kazi. "Basi umuambie, ku mutelemuko asikanyage frein kwa nguvu. Anakanyaga kidogo, anaachia, anakanyaga tena. Akishikilia itamurusha." Akanionyesha hiyo frein, kipande cha tairi kinachobana gurudumu la nyuma, na pedi ya sandali iliyopigiliwa misumari mahali pa goti. Nilivipima vyote. Chukudu yangu ya kwanza ilielea juu ya ardhi. Ya pili ilitembea kinyumenyume. Ya tatu ilisimama juu ya mawe, ikawa na pedi ya goti, na Mama Chukudu alipoweka goti lake pale na kuteremka kilima cha kwanza na mifuko ya maharagwe, Séraphin aliacha pampu yake, akaja nyuma ya kiti changu kuitazama.

Nina chumba changu cha kazi sasa, huko Himbi, chenye vijana wanaotengeneza michezo ya simu inayochezwa hapa na ng'ambo ya ziwa. Hata miezi hii ambapo barabara zimekuwa ngumu na kila mtu anatembea na wasiwasi wake mfukoni, wanakuja, wanapuliza vumbi, wanakaa. Jambo la kwanza ninalowafundisha si hesabu. Ni lile nililoliongeza mwaka ule baada ya chukudu. Watu wa Majivu walizungumza kwa maandishi ya Kiingereza, nami nilianza kuyaandika upya kwa Kiswahili chetu, faili kwa faili, na kamusi ya shule magotini. Nikagundua jambo ambalo bado linanishangaza: hakuna aliyesalimiana. Mtu anatoka jangwani, anakutana na mwenzake, neno la kwanza ni "Unataka nini?" Nilifikiri nimekosea kutafsiri. Sikukosea. Basi kila mazungumzo nikayaongezea salamu juu kabisa, na nikaiambia mashine kwamba ukisalimia kwanza, mdomo wako unapata uzito kidogo. Wavulana walinung'unika kwamba nawapotezea wakati. Kambale mwingine, tuliyemwita wa Beni, mnene na mwenye haraka, alisema, "Sasa ata muizi tumuulize kama watoto wameamka?" Nikamjibu, "Ata yeye." Niliona fahari ambayo sikujua kuiita jina.

Katikati ya mwaka ule mambo yaliharibika. Nilikuwa nimekaa nje, nimeegemea ukuta wa mbao, nakula bugali, nikawasikia akina mama wa shirika wakitoka kupamba kanisa. Mama Noëlla alikuwa akiongea. Alikuwa kiongozi wa akina mama wa parokia, mfanyabiashara wa maharagwe aliyesafiri Butembo na Goma maisha yake yote, na sauti yake ilizoea kusikika juu ya injini ya lori. "Bunduki," alisema. "Nilichungulia kwa dirisha, nikaona batoto wetu, kila mutu na bunduki yake, na wanachekelea. Kambi iko pale Katindo, bunduki ziko kila pahali, na sisi parokia tunawapa chumba bajifunze zingine?" Wengine wakaitikia.  Jumapili iliyofuata baada ya misa, alisema, wangekuja wao wenyewe na katekista, waone kwa macho, na wakikuta ndivyo ilivyo wangemwambia padri afunge.

Nilimwambia Séraphin, naye akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kwake ukumbi ulikuwa mkate wake. Kwangu ulikuwa zaidi ya hapo, na niliogopa hata kulitamka. Nusu ya watu wa Majivu walikuwa bado hawajui Kiswahili, na hakukuwa na mashine nyingine katika mji mzima ambayo ningeweza kuifungua tumbo bila kufukuzwa. Nyumbani waliniuliza kila jioni nilikuwa wapi, nikajibu "kucheza", kwa sababu neno jingine sikuwa nalo. Ukumbi ukifungwa, hakuna ambaye angejua kwamba kuna kitu kimekatwa katikati.

Tulipanga cha kuwaonyesha, na mpango ulikuwa mzuri. Kambale Mrefu, ukiacha kupenda risasi, alikuwa amemaliza sehemu kubwa ya mchezo kwa njia ya wema. Mtu wake alikuwa amerudisha maji katika mji mmoja, watoto wa mji ule walikuwa na shule, na nje ya ukuta kulikuwa na shamba la mahindi ya kijani. Tungewaonyesha akina mama shamba lile na shule ile, bunduki ikiwa imelala sandukuni. Asubuhi ya Jumapili, misa ya pili ikiendelea na kwaya ikisikika ukutani, Kambale Mrefu alikaa, akafungua mchezo wake uliohifadhiwa kwa jina "Kambale", na kwenye kioo akatokea mtu mnene aliyevaa chupi na kofia ya chuma, amesimama na kombora begani katikati ya mji ambao kila mtu amelala chini.

Asiyejua desturi yetu anisikilize. Kwetu jina hufuata mpangilio wa kuzaliwa, na Kambale ni mtoto wa pili wa kiume. Kila nyumba ya Wanande yenye wavulana wawili ina Kambale. Ukumbini walikuwepo watatu, na kila mmoja alimpa mtu wake jina lake mwenyewe, kwa sababu jina ni lako, nani atakunyang'anya? Séraphin alikuwa amewaonya mara nyingi waweke namba. Siku moja kabla, Kambale wa Beni alikuwa amemaliza zamu yake, mashine ikamuuliza kama aandike juu ya Kambale aliyepo, naye akajibu ndiyo, maana Kambale ni yeye. Shamba la mahindi, shule, maji, vyote vikaenda. Kambale Mrefu hakumpiga. Aliingia nyuma ya mashine akakaa chini, na Kambale wa Beni akakaa kando yake, wote wawili wakitazama nyaya. Maji yakimwagika hayazoleki.

Séraphin alinigeukia. "Masika, wewe uko na nini?"

"Niko na Mama Chukudu," nikasema. "Yuko njiani na maharagi. Anapelekea mji wenye njaa. Lakini mbele yake kuna barrière ya wenye bunduki."

"Na akifika barrière?"

"Sijui. Sijawahi kupita pale."

Kwaya ikanyamaza. Tukasikia viti vya kanisani vikisogezwa.

Waliingia wakiwa wamevaa vikwembe vya shirika, vyote vya rangi moja, wakajaza mabenchi, na chumba kikanukia sabuni badala ya mafuta. Katekista, mtu mpole mwenye miwani, alisimama karibu na mlango. Mama Noëlla alikaa mbele kabisa, mkoba magotini, macho kwenye kioo. Nilikaa.  Kambale Mrefu alitoka nyuma ya mashine na kusimama kando yangu ili awasomee akina mama maandishi kwa sauti, kwani si wote walioweza kuyaona. Mama Chukudu akaonekana barabarani, goti juu ya pedi, mifuko imefungwa kwa kamba.

"Chukudu!" mama mmoja akapiga kelele. "Angalieni, ni chukudu kabisa!"

"Amefunga mizigo vibaya," Mama Noëlla akasema. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake.

Kwenye daraja wakatokea wanaume wanne, bunduki mikononi. Zilikuwa kazi ya mikono yangu zile bunduki, vitako vya mti na vyote, na kwa mara ya kwanza nilitamani nisingezitengeneza vizuri vile.  Kambale Mrefu akasoma kwa sauti nzito ya kukwaruza aliyoitunga palepale: "Simama hapo! Umebeba nini?" Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya kipanya, nibonyeze jibu lolote la kunipitisha, ndipo kidole cha Mama Noëlla kikanigusa bega.

"Ngoja. Unamujibuje mutu haujamusalimia?"

Nilimgeukia. "Salamu iko, mama. Njo jibu ya kwanza."

"Basi bonyeza hiyo."

Nikabonyeza. Kambale akasoma: "Jambo, papa. Mumeamkaje huku kwenu?" Na yule mwenye bunduki, kwa maneno niliyomwandikia mimi na kamusi magotini, akajibu: "Tumeamka. Mvua tu inatusumbua. Wewe ni wa wapi, mama?" Akina mama wakaguna kwa pamoja, kama watu walioonjeshwa kitu na kukuta chumvi imekolea. "Anajibu!" mmoja akasema. "Ata huyu alizaliwa na mutu."

Lakini jambazi ni jambazi. "Acha mizigo yote hapa, upite," Kambale akasoma, na chumba kikachafuka. Mama mmoja wa nyuma, mzee, rozari bado mkononi, akasimama. "Mupige huyo muizi! Mupige!"

"Mama!" katekista akashtuka.

"Kwani mutoto haana bunduki? Atoe!"

"Haana, mama," nikasema. "Sikumujenga na mukono wa bunduki. Nilimujenga na mudomo tu, na miguu."

Mama Noëlla akaniangalia mimi, si kioo, kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Mudomo na miguu?"

"Ndiyo, mama."

"Eh," akasema taratibu. "Basi huyu ni sisi."

Akasogeza benchi hadi magoti yake yakagusa kiti changu. Kuanzia hapo sikuwa nikicheza peke yangu. Aliniuliza mfuko gani ulikuwa chini kabisa, nikafungua mizigo kumwonyesha, na kweli ulikuwepo mmoja ambao mchezo uliuhesabu umeharibika. "Huo. Unamuambia ni zawadi ya batoto wake. Usiseme ni ushuru, ukisema ushuru kesho ataomba tena. Na usimutazame usoni sana." La kumtazama sikuweza kulitimiza, lakini zawadi ilikuwepo kati ya majibu niliyoyaandika, chini ya salamu. Niliiweka alama, kisha nikasita. Sasa mashine ingerusha kete ya bahati yake. Jambazi akikataa wangepiga risasi wote wanne, Mama Chukudu angekufa, na kwa chaki ya juu ya mlango ningeinuka mbele ya parokia nzima, mlango ukafungwa nyuma yangu. Nilipiga moyo konde, nikabonyeza. Kioo kikaganda kama kawaida yake. Groupe ikakohoa nje. 

"Pita, mama," Kambale Mrefu akasoma, na ile sauti ya kukwaruza ikamkatika. "Usalimie batoto wako."

Walipiga vigelegele. Akina mama wa shirika, waliokuja kufunga, walipiga vigelegele kwa ajili ya mwanamke asiyekuwepo aliyevuka daraja lisilokuwepo, na mzee mwenye rozari alimkumbatia Kambale wa Beni bila kujua ni nani. Mimi nililia, sikuona sababu ya kuficha. Nilikuwa nimeandika maneno yale peke yangu nikidhani ni ya ukumbi wetu tu, na hapa palikuwa na wanawake waliopita barrière za kweli nusu ya maisha yao, wakiyatambua moja moja.

Katekista alisubiri kelele zitulie. Hakuwa mtu mbaya, alitumwa kazi na aliifanya. "Mama Noëlla, lakini bunduki tumeziona."

Mama Noëlla alikuwa akifunga upya kilemba chake kilicholegea. "Nimepita ile barabara ya Butembo tangu niko kijana. Unionyeshe siku moja nilipita bila kuona bunduki." Katekista akavua miwani, akaifuta. "Na yenye mimi nilihitaji kujua pale," mama akaendelea, "hakuna mutu alinifundishaka. Nilijifunza kwa kuibiwa."

"Sasa tumuambie padri nini?"

Alisimama, akanyoosha kikwembe, akanitazama nilivyokaa na macho mekundu, mkono bado juu ya kipanya. Kwenye kioo Mama Chukudu alisubiri ng'ambo ya daraja, na mji wenye njaa ulikuwa bado mbali.

"Mumuambie tulikuta mutoto wetu yuko ku kazi," akasema. "Tukamuacha amalize."

Nikageukia mashine, nikapeleka maharagwe.